Ute na Utomvu: Dawa Mbili Ndani ya Jani Moja la Shubiri

Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayehitaji kuelezwa maana ya maneno "chungu kama shubiri". Hata mtu ambaye hajawahi kuuona mmea wenyewe huyatumia anapozungumzia habari mbaya au maisha yaliyomshinda. Hata hivyo, mtu akilichukua jani nene la mshubiri, akalimenya, akaiosha vizuri ile nyama angavu iliyo katikati na kuionja kwa ncha ya ulimi, atakuta kwamba haina uchungu wa kutajika. Ladha yake ni ya maji mazito yenye harufu ya majani mabichi. Basi uchungu uliozaa msemo huo umekwenda wapi? Jibu la swali hilo dogo ndilo linalofumbua sehemu kubwa ya mafumbo kuhusu matumizi ya jadi ya mmea huu: kwa nini watu wale wale wanaoupaka kwenye ngozi iliyoungua huutumia pia kuendesha tumbo, kwa nini mmoja husema umemponya na mwenziwe husema ulimlaza kitandani, na kwa nini wataalamu huonekana kuusifu na kuuogopa kwa pumzi moja.

Jani la shubiri lina tabaka tatu. Nje kuna ganda la kijani lenye miiba midogo pembezoni. Katikati kuna nyama laini iliyojaa ute, na karibu asilimia 99 ya ute huo ni maji. Kidogo kinachobaki ni sukari zilizoungana katika minyororo mirefu, hasa ile iitwayo asemanani, pamoja na madini na vitamini kwa kiasi hafifu. Kati ya ganda na nyama hiyo hupita mirija ya mmea, na kandokando ya mirija hiyo zimo seli zinazohifadhi utomvu wa rangi ya manjano. Jani linapokatwa, utomvu huo ndio unaotangulia kuchuruzika, kabla ute haujaonekana. Uchungu wote umo humo. Umejaa kemikali za kundi la antrakinoni, na iliyo kuu kati yake ni aloini, ambayo ilitengwa kwa mara ya kwanza mjini Edinburgh mwaka 1851. Kwa hiyo jani moja limebeba vimiminika viwili ambavyo havifanani kwa rangi, kwa ladha, kwa kemikali wala kwa kazi, na vinatenganishwa na unene usiozidi milimita chache.

Neno shubiri, ambalo wengine hulitamka subiri, limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa pia neno subira. Washairi wa Kiarabu wamecheza na ukaribu wa maneno hayo kwa karne nyingi, kwa kuwa subira nayo si tamu. Lakini jambo la kuzingatia ni kwamba zamani, katika vitabu vya tiba na katika shehena za wafanyabiashara, jina hilo halikuwa la jani wala la ute. Lilikuwa jina la utomvu uliokaushwa. Majani yalikatwa na kupangwa upande wa jeraha ukitazama chini, utomvu ukadondoka wenyewe ndani ya chombo, kisha ukaanikwa juani au ukachemshwa mpaka ukawa mzito na hatimaye ukaganda kuwa donge la kahawia au jeusi linalovunjika kama kioo. Kisiwa cha Socotra, karibu na Pembe ya Afrika, chenye aina yake mahususi iitwayo Aloe perryi, kilisifika kwa biashara hiyo tangu zamani. Baadaye zikaja shehena kutoka visiwa vya Barbados na Curaçao katika Karibi, ambako ulipandwa mmea ambao leo tunauita Aloe vera, na nyingine kutoka kusini mwa Afrika, zilizotokana na Aloe ferox.

Mkanganyiko wa majina haukuishia hapo. Katika lugha kadhaa za Ulaya, shubiri na udi, yaani ule mti wa kufukizia wenye harufu nzuri, viliitwa kwa jina moja au kwa majina yanayokaribiana mno. Matokeo yake, kuna watu wanaodai kwamba Biblia imejaa sifa za shubiri, ilhali sehemu nyingi zinazotajwa huzungumzia manukato, jambo lisilofaa kabisa kusemwa kuhusu utomvu ule. Wafasiri wa Kiswahili hawakuteleza hapo: katika habari ya Nikodemo, aliyeleta manukato wakati wa maziko ya Yesu, waliandika manemane na uudi.

Tabibu wa Kigiriki Dioscorides, aliyeandika katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliacha maelezo marefu ya shubiri, na ukiyasoma ukiwa na picha ya ute kichwani utayaelewa vibaya. Alisema ni dawa ya kusafisha tumbo. Alisema unga wake ukinyunyizwa juu ya kidonda huzuia damu na kukausha vidonda sugu; kwamba husaidia bawasiri, ufizi unaouma na kope zinazowasha; na kwamba ukichanganywa na divai huzuia nywele kukatika. Aliwatahadharisha hata wanunuzi kwamba kuna wauzaji wanaochanganya shubiri na gundi ya miti, na kwamba dawa halisi hutambulika kwa uchungu wake. Unga, uchungu, donge la kuvunjwavunjwa: kote huko anazungumzia utomvu mkavu. Hata tiba yake ya vidonda, ambayo leo ingedhaniwa kuwa ni ule ute wa kupaka, ilikuwa ya kunyunyizia unga mchungu. Mtu anayesema kwamba ute wa shubiri umetumiwa kwa kidonda kwa miaka elfu mbili "kama ilivyoandikwa na Wagiriki" amechukua ushahidi wa dawa moja na kuikabidhi nyingine.

Tuanze basi na hiyo dawa ya kale. Utomvu ni haluli, yaani dawa ya kuendesha tumbo, na ni haluli kali. Namna unavyofanya kazi inapendeza kuifahamu kwa sababu inaeleza kwa nini matokeo yake huchelewa. Aloini inapomezwa hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufanya jambo kubwa. Inapofika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huivunja na kuigeuza kuwa kemikali nyingine, na hiyo ndiyo inayouchokoza ukuta wa utumbo. Utumbo huanza kujikaza na kusukuma kwa nguvu, na wakati huohuo huacha kufyonza maji kama ilivyo kawaida yake, hivyo choo hulainika na kushuka. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12, na ndiyo maana dawa za aina hii humezwa usiku ili zifanye kazi asubuhi. Mtu asiyejua hilo, akiona saa tatu zimepita bila dalili yoyote, huongeza kipimo. Usiku wa manane hulipia haraka yake kwa msokoto wa tumbo ambao hatausahau.

Shirika la Afya Duniani, lilipochapisha mwaka 1999 maelezo rasmi kuhusu mimea teule ya dawa, liliandika sura mbili tofauti: moja kuhusu utomvu mkavu na nyingine kuhusu ute. Kwangu mimi, uamuzi huo wa mpangilio una funzo kubwa kuliko kurasa nyingi za sifa za mmea huu. Katika sura ya utomvu, matumizi yaliyokubaliwa ni kutibu kufunga choo kwa muda mfupi, na kipimo kilichotajwa ni kidogo ajabu: miligramu 40 hadi 110 za utomvu mkavu kwa aina ya Barbados au Curaçao, na miligramu 60 hadi 170 kwa ile ya kusini mwa Afrika. Ni punje tu kwenye ncha ya kisu. Sasa mlinganishe mtu anayepima kiasi hicho kwa mizani na yule anayekamua jani kwenye kikombe. Wingi wa aloini hubadilika kulingana na aina ya mmea, umri wa jani, msimu na hata namna jani lilivyokatwa, hivyo kikombe cha leo kinaweza kuwa dhaifu na cha wiki ijayo, kutoka kwenye mmea huohuo, kikawa na nguvu maradufu. Tofauti kati ya aliyesaidika na aliyeugua mara nyingi huanzia hapo.

Matumizi mengine kadhaa ya jadi ni matawi ya uchungu huo huo. Kumwachisha mtoto ziwa kwa kupaka utomvu kwenye chuchu, au kumzuia kunyonya kidole na kutafuna kucha, ni mbinu inayojulikana katika mabara zaidi ya moja. Hapo hakuna tiba, kuna kinyaa tu, ingawa mtoto anayemeza kiasi cha kutosha ataharisha. Kuutumia kwa minyoo kuna mantiki ya aina fulani, kwa kuwa haluli yoyote huweza kufukuza baadhi ya minyoo iliyokwisha kulegea, lakini kuona mnyoo mmoja chooni hakumaanishi kwamba wengine hawajabaki, na dawa za minyoo zilizopo sasa ni salama na za uhakika kuliko utomvu. Kuwapa kuku maji yaliyolowekwa shubiri ni desturi ya wafugaji wengi wadogo, na haiwezi kushika nafasi ya chanjo dhidi ya kideri. Tumizi la kutilia mkazo ni lile la kuleta hedhi iliyochelewa. Utomvu unapouchokoza utumbo mpana, viungo vya nyonga vilivyo jirani navyo huathirika, na hii ndiyo sababu mjamzito hukatazwa kuunywa. Hedhi iliyochelewa mara nyingi ni mimba ambayo mwenyewe hajaijua, na katika hali hiyo dawa iliyokusudiwa kurekebisha mwezi inaweza kuleta madhara ambayo hakuna aliyeyatarajia.

Ute una historia nyingine. Watu wa sehemu nyingi walikuwa wakipasua jani na kulibandika kwenye ngozi iliyoungua bila kungoja ruhusa ya kitabu chochote, lakini umaarufu wake katika tiba ya kisasa ulianza mwaka 1935. Wakati huo mionzi ya eksirei ilikuwa ikitumiwa kwa wingi na kwa tahadhari ndogo, na iliwaachia wagonjwa vidonda vya ngozi visivyopona. Madaktari wawili wa Marekani, baba na mwana waliokuwa na jina la ukoo la Collins, wakachapisha ripoti ya mgonjwa ambaye ngozi yake iliyoharibiwa na mionzi ilipata nafuu baada ya kuwekewa jani bichi la Aloe vera. Kutoka kwenye ripoti hiyo fupi kulikuja wimbi la majaribio, na baadaye viwanda vilivyojifunza kuhifadhi ute usiharibike, maana ukishatolewa kwenye jani hupoteza uzito wake kwa kasi kadiri ile minyororo ya sukari inavyokatikakatika.

Ushahidi uliokusanywa tangu hapo haumfurahishi mshabiki wala mpinzani. Kwa majeraha ya moto yasiyo ya kina, mambo yanaelekea kuwa mazuri: mapitio ya mwaka 2007, yaliyounganisha majaribio manne yenye wagonjwa 371, yalikuta kwamba waliotumia shubiri walipona mapema kwa takriban siku tisa, ingawa majaribio yenyewe yalitofautiana sana kwa ubora na kwa aina ya bidhaa iliyotumika. Kwa vidonda vya upasuaji habari hubadilika. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 1991, wanawake ambao mishono yao ya upasuaji wa tumbo ilifumuka na kuachwa ipone yenyewe walichukua wastani wa siku 53 walipohudumiwa kwa njia ya kawaida, na siku 83 walipoongezewa ute wa shubiri. Kuhusu soriasisi, ugonjwa unaoweka mabaka yenye magamba kwenye ngozi, jaribio la mwaka 1996 liliripoti kwamba asilimia 83 ya waliopaka krimu ya shubiri walipona dhidi ya asilimia 7 tu ya waliopaka krimu isiyo na dawa. Mwaka 2005 watafiti wengine walijaribu ute na wakakuta kwamba krimu isiyo na dawa ilifanya vizuri zaidi. Na kwa ngozi iliyoathiriwa na tiba ya mionzi, yaani jambo lile lile lililoupa ute umaarufu, majaribio ya baadaye yenye kulinganisha makundi hayakuonyesha faida ya kueleweka.

Mtu anaweza kuuliza: ute ambao karibu wote ni maji utasaidiaje chochote? Sehemu ya jibu imo katika maji yenyewe. Ngozi iliyoungua kwa juu hupenda ubaridi na unyevu, na ute hushikilia maji mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko kitambaa kilicholowekwa, kisha hukauka na kuacha utando mwembamba. Huenda asemanani na wenzake huongeza kichocheo cha kuota kwa ngozi mpya, na majaribio ya maabara yanaliunga mkono wazo hilo, lakini hata bila hayo nafuu ya mwanzo inaelezeka. Ikumbukwe tu kwamba jeraha la moto huanza kupoozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Ute hufuata baadaye, na kwenye ngozi ambayo haijachubuka wala kufunguka. Kidonda kirefu, kipana, au kilicho usoni, mikononi au sehemu za siri si cha kutibiwa kwa jani la bustanini. Wapo pia watu wachache ambao ngozi yao huwashwa na shubiri, hivyo ni busara kupaka kidogo sehemu ya ndani ya mkono na kungoja siku moja. Kuhusu mba na nywele, ute hulainisha ngozi ya kichwa na hilo ni jambo la kweli. Madai ya kuotesha nywele mahali penye upara tuyaache kwa wauzaji.

Mambo huharibika zaidi pale dawa hizo mbili zinapochanganywa na kunywewa. Kusaga jani zima, pamoja na ganda lake, kisha kuinywa juisi hiyo kila asubuhi "ili kusafisha mwili" ni kunywa haluli kila siku bila kujua. Mwaka 2002, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa utomvu wa shubiri katika orodha ya dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti, baada ya watengenezaji kushindwa kuleta takwimu za usalama. Mwaka 2013 ilichapishwa ripoti ya utafiti wa miaka miwili, pia wa Marekani, ambamo panya wa maabara waliokunywa maji yaliyotiwa dondoo la jani zima lisilochujwa walipata uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, ikaliweka dondoo hilo katika kundi 2B, yaani vitu vinavyoweza kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Wengi waliusoma uamuzi huo kana kwamba shubiri yote imehukumiwa. Dondoo lililojaribiwa lilikuwa na utomvu ndani yake. Ute ulioondolewa aloini ni kitu kingine, na haukuwa ndio ulioshtakiwa.

Hata pasipo saratani, kuharisha kwa muda mrefu kunatosha kuleta balaa. Mwili hupoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo hupigapiga ovyo, hasa kwa mtu anayetumia digoksini, ambayo ni dawa ya moyo, au dawa za kuongeza mkojo. Utumbo uliozoea kuchokozwa husahau kujisukuma wenyewe, hivyo mtu aliyeanza kunywa kwa sababu ya kufunga choo huishia kufunga choo zaidi anapoacha. Mwenye kisukari naye ana hesabu yake: zipo tafiti ndogo zinazoashiria kwamba shubiri inayonywewa hushusha sukari kwa kiasi, na kwa anayemeza vidonge vya sukari au kujidunga insulini, kuongeza kitu kama hicho kimyakimya kunaweza kuishusha kupita kiasi. Daktari anapaswa kuambiwa, hata kama mgonjwa anaona haya kutaja dawa za majani. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe utomvu kabisa.

Kuna tatizo jingine ambalo husahaulika kwa sababu mmea unaonekana wa kawaida mno: je, ulionao ni shubiri ipi? Jenasi ya Aloe ina spishi zaidi ya 500, na Aloe vera ni moja tu. Baadhi ya jamaa zake hubeba sumu za kundi la konini, ile ile iliyomo katika mmea ambao Socrates alinyweshwa mwaka 399 kabla ya Kristo. Aloe ballyi, inayoota Kenya na Tanzania, ni mfano mmojawapo. Zaidi ya hayo, katani na jamaa zake wa jenasi ya Agave hufanana na shubiri machoni pa asiyezoea, na maji yao yana vijisindano vya kalsiamu oksaleti vinavyochoma ngozi na koo. Jani la shubiri hukatika kwa urahisi na ndani ni ute. Jani la katani lina nyuzi ngumu ambazo kisu hugoma kuzipita.

Kwa anayetaka ute peke yake, kazi ni ya subira, na hapo mzizi ule wa Kiarabu unajitetea. Huchaguliwa jani la chini, lililokomaa, likakatwa karibu na shina, kisha likasimamishwa ndani ya sahani upande uliokatwa ukiwa chini kwa dakika 15 au zaidi ili utomvu udondoke. Ncha na miiba ya pembeni huondolewa, ganda likamenywa pande zote mbili kwa kisu kikali bila kuogopa kupoteza nyama kidogo, kwa maana utomvu umejibana hapo chini ya ganda, na kipande kinachobaki huoshwa kwa maji safi mpaka umanjano uishe. Kinachotumika hutumika siku hiyo hiyo. Ile sahani nayo ikiachwa juani hadi jioni, matone ya manjano yaliyomo hukauka na kuwa gamba la kahawia iliyoiva, gumu na lenye kung'aa: hiyo ndiyo shubiri ya Dioscorides na ya wafanyabiashara wa Socotra, na kiasi kinachotosha kuganda kwenye ukucha kinatosha pia kuukumbusha ulimi msemo umetoka wapi.